Uteuzi wa Mtindo wa Mifuo katika Mtutu wa Bunduki ya Shabaha: Mafunzo kutoka Enfield, Whitworth na Metford

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua mtindo wa mifuo kwa mtutu wa bunduki ya shabaha unaotengenezwa kwa agizo maalumu. Hoja kuu ni kwamba umbo la mifuo, ambalo ndilo huonekana kwanza na kujadiliwa zaidi, halifai kuamuliwa kwanza wala kuamuliwa peke yake. Ushahidi unatokana na kisa cha bunduki za Uingereza baina ya mwaka 1853 na 1895, kipindi ambacho mitindo mitatu ya mifuo ilishindana na kila mmoja ukapata sifa kisha ukaachwa. Uchambuzi unaonesha kwamba kila mtindo ulifaulu kwa sababu ya kupatana na risasi, baruti na ufundi wa wakati wake, na ulishindwa pale mojawapo ya hayo ilipobadilika. Makala yanapendekeza mpangilio wa maamuzi unaoanza na risasi, ukafuatiwa na msokoto, kisha usawa wa tundu, na kuhitimishwa na umbo la mifuo.

1.0 Utangulizi

Mtutu wa bunduki ya shabaha huagizwa mara moja. Mwagizaji humtajia fundi idadi ya mifuo, umbo lake, msokoto wake na kipenyo cha tundu. Fundi akishachonga, hakuna namna ya kurudisha chuma kilichoondolewa. Aidha, mtutu una umri. Kila mlio hula sehemu ndogo ya chuma karibu na chemba, na mtutu wa mashindano hupoteza usahihi wake baada ya maelfu machache ya milio. Kwa hiyo kosa la uteuzi haligunduliki bure: hugunduliwa kwa kutumia umri wa mtutu uleule unaopimwa.

Pamoja na uzito huo, uteuzi wa mifuo mara nyingi hufanywa kwa kufuata sifa. Mlengaji akishinda kwa mtutu wenye mifuo mitano, wengine huagiza mifuo mitano. Fundi mashuhuri akichonga mifuo minane, minane huonekana kuwa siri ya ushindi. Tatizo la kitaaluma hapa ni la sababu na matokeo. Mitutu miwili inayotofautiana kwa umbo la mifuo, kwa kawaida hutofautiana pia kwa chuma, fundi, msokoto, kipenyo na risasi inayotumika. Je, ni kipi kati ya hivyo kilicholeta usahihi? Swali hilo ndilo linaloongoza makala haya.

2.0 Istilahi na Misingi

Katika makala haya, mtutu ni bomba la chuma ambamo risasi hupitia, na uwazi wa ndani yake unaitwa tundu. Mifuo ni michirizi iliyochongwa ndani ya tundu kwa kuzunguka, mfano wa hesi za parafujo zilizonyooshwa sana. Sehemu za chuma zinazobaki juu baina ya mfuo na mfuo zinaitwa matuta. Msokoto ni kiwango cha kuzunguka kwa mifuo hiyo. Kusema kwamba mtutu una msokoto wa inchi 10 ni kusema kwamba risasi hukamilisha mzunguko mmoja kila inapokwenda inchi 10, yaani milimita 254. Namba ikiwa ndogo, msokoto ni mkali zaidi.

Neno risasi katika Kiswahili hubeba maana mbili: madini mazito na laini, na kitu kinachorushwa na bunduki. Maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja kwa karne nyingi, kwa kuwa kilichorushwa kilikuwa kipande cha madini hayo. Hapa neno risasi litatumika kwa kitu kinachorushwa, na madini yatatajwa kuwa madini ya risasi. Utofautishaji huu ni wa lazima, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya mifuo ni historia ya madini laini kubadilika umbo ndani ya chuma kigumu.

Gobori, bunduki ya kujaziwa baruti mdomoni inayofahamika sana Afrika Mashariki, kwa kawaida haina mifuo. Risasi yake hutoka bila mzunguko uliopangwa, na baada ya mwendo mfupi huyumba. Mifuo huondoa upungufu huo kwa kuizungusha risasi. Kanuni yake ni ileile ya pia ya watoto: pia isiyozunguka huanguka, na ile inayozunguka kwa kasi ya kutosha husimama. Hata hivyo, risasi fupi huhitaji mzunguko mdogo, ilhali risasi ndefu huhitaji mzunguko mkubwa, kwa kuwa hewa hupata nafasi kubwa zaidi ya kuipindua.

Uhusiano huo ulipewa kanuni mwaka 1879 na George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza. Kwa risasi iliyotengenezwa hasa kwa madini ya risasi, namba 150 hugawanywa kwa uwiano wa urefu wa risasi na kipenyo chake. Jibu ni urefu wa mzunguko mmoja, ukihesabiwa kwa vipenyo. Risasi ambayo urefu wake ni mara tatu ya kipenyo huhitaji mzunguko mmoja katika kila vipenyo 50. Kwa risasi zinazokwenda kwa kasi inayozidi takribani mita 850 kwa sekunde, namba 180 hutumika badala ya 150.

3.0 Kisa cha Uingereza, 1853–1895

3.1 Enfield na Whitworth

Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa na tundu la inchi 0.577 (milimita 14.66), mifuo 3, na msokoto wa inchi 78. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa inchi 39, hivyo risasi ilizunguka nusu tu ya mzunguko kabla ya kutoka. Risasi yenyewe ilikuwa na shimo nyuma. Baruti ilipolipuka, sehemu hiyo ya nyuma ilitanuka na kujaza mifuo. Mpango huu ulimwezesha askari kujaza bunduki upesi, kwani risasi iliingia mdomoni bila kusukumwa kwa nguvu.

Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilimgeukia Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester ambaye mwaka 1841 alikuwa amependekeza kipimo kimoja cha hesi za parafujo kwa viwanda vya nchi hiyo. Whitworth aliunda mtutu usio na mifuo ya kawaida. Tundu lake lilikuwa na pande sita zilizosokotwa, upana wa inchi 0.451 (milimita 11.46), na msokoto wa inchi 20. Risasi ilitengenezwa kwa umbo la pande sita ili ikae barabara ndani ya tundu.

Majaribio yaliyofanyika Hythe mwaka 1857 yalitoa matokeo yaliyovuma. Katika umbali wa yadi 500, wastani wa mkengeuko wa Enfield ulikuwa futi 2.24, na wa Whitworth futi 0.37. Katika yadi 1,100, Enfield ilikuwa na futi 8.04 na Whitworth futi 2.62. Tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa juu ya kitako maalumu. Katika umbali wa yadi 400, risasi ilipiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Tangu hapo, pande sita zilihesabiwa na wengi kuwa ndiyo maana ya usahihi.

Mtazamo huo hauhimili uchambuzi. Whitworth hakubadilisha umbo la tundu pekee. Alipunguza kipenyo, akakaza msokoto karibu mara nne, akarefusha risasi, na juu ya hayo akachonga kwa usahihi wa vipimo ambao viwanda vya silaha havikuwa navyo. Uzito wa risasi yake, takribani gramu 34, ulikuwa karibu sawa na wa risasi ya Enfield. Uzito uleule ukiwekwa katika kipenyo kidogo, huzaa risasi ndefu, na risasi ndefu hukata hewa vizuri zaidi. Urefu wa risasi hiyo ulikuwa takribani mara tatu ya kipenyo. Kwa kanuni ya Greenhill, iliyokuja zaidi ya miaka 20 baadaye, risasi ya namna hiyo huhitaji mzunguko mmoja katika takribani inchi 22.5. Whitworth, kwa majaribio peke yake, alifikia inchi 20.

Ushahidi wa pili umo ndani ya bunduki yenyewe. Mtutu wa Whitworth ulikubali pia risasi ya mviringo ya madini laini, ambayo mlipuko uliifinya ikalijaza tundu la pande sita. Ikiwa risasi ya mviringo ilifanya kazi, basi kukaa barabara kwa pande sita ndani ya pande sita hakukuwa sharti la usahihi. Ushahidi wa tatu ni wa mashindano. Mwaka 1874, huko Creedmoor karibu na New York, Marekani iliishinda Ireland kwa alama 934 dhidi ya 931 katika umbali wa yadi 800 hadi 1,000. Waayalandi walitumia bunduki za Rigby, na Wamarekani za Remington na Sharps. Zote zilikuwa na tundu la mviringo lenye mifuo ya kawaida. Kilichobaki kutoka kwa Whitworth kilikuwa kipenyo kidogo, risasi ndefu na msokoto mkali. Pande sita ziliachwa.

3.2 Metford

William Ellis Metford (1824–1899), mhandisi pia, alilitazama tatizo kwa upande wa masizi. Baruti nyeusi huacha uchafu mzito ndani ya tundu baada ya kila mlio, na uchafu huo hujikusanya zaidi kwenye kona za mifuo. Metford aliona kwamba mifuo haihitaji kuwa na kina kirefu endapo risasi itatengenezwa kwa madini yaliyoongezwa ugumu. Katika miaka ya 1860 alianza kutumia mifuo yenye kina cha takribani milimita 0.1 tu, na baadaye akaipa mviringo ili isiwe na kona kali. Tundu la namna hiyo lilisafishika kwa urahisi, na risasi haikukwaruzwa kupita kiasi.

Mitutu ya Metford ilipata ushindi mwingi katika mashindano ya umbali mrefu. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilipochukua bunduki mpya ya inchi 0.303 (milimita 7.7), lilichagua mifuo ya Metford: mifuo 7, msokoto wa inchi 10 kuelekea kushoto. Bunduki hiyo ikajulikana kwa jina la Lee-Metford. Risasi yake ilikuwa na gamba la metali juu ya kiini cha madini ya risasi, lakini baruti yake ya kwanza ilikuwa bado nyeusi. Uteuzi ulikuwa sahihi kwa mambo yaliyokuwapo siku hiyo.

3.3 Kordaiti na mifuo ya Enfield

Mambo hayo yalibadilika katika muda wa miaka michache. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 baruti nyeusi ilibadilishwa kwa kordaiti, baruti isiyo na moshi ambayo katika muundo wake wa kwanza ilikuwa na nitrogliserini kwa asilimia 58. Kordaiti haikuacha masizi mengi, lakini iliungua kwa joto kali sana. Joto hilo lilikula chuma cha tundu, na mifuo ya Metford, iliyosifiwa kwa kina chake kifupi, haikuwa na akiba ya chuma ya kupoteza. Sifa iliyokuwa faida mbele ya masizi ikawa hasara mbele ya joto.

Mwaka 1895 mtutu ulibadilishwa. Kiwanda cha Enfield kilichonga mifuo 5 yenye kina zaidi na kingo za mraba, msokoto ukabaki inchi 10 kuelekea kushoto. Kipenyo cha bunduki kilibaki kilekile, na jina likawa Lee-Enfield. Inafaa kutiliwa mkazo kwamba mifuo ya Enfield haikuchukua nafasi ya Metford kwa kuwa sahihi zaidi siku mtutu ukiwa mpya; iliichukua kwa kuwa ilidumu.

Wala si kwamba umbo la Metford lilikufa. Japani ilichonga mifuo ya mtindo huo katika bunduki zake za Arisaka, na katika Aina ya 99 tundu lilipakwa kromiamu, metali ngumu inayostahimili joto. Umbo lililoshindwa kwa chuma kitupu na kordaiti lilipata makao katika tundu lililokingwa. Hukumu dhidi ya mfuo, kwa hiyo, ni hukumu dhidi ya mfuo pamoja na vitu vinavyoambatana nao.

4.0 Maumbo Yanayopatikana Leo

Mwagizaji wa mtutu wa shabaha leo hukabiliwa na makundi manne ya maumbo. La kwanza ni mifuo ya kawaida yenye kingo za mraba, kwa idadi ya 3, 4, 6 au 8. La pili ni mifuo ya idadi ya witiri, hasa 5, ambamo tuta hutazamana na mfuo upande wa pili badala ya kutazamana na tuta jingine, na kingo za matuta huchongwa kwa mteremko. Mtindo huo, maarufu kwa jina la 5R, unahusishwa na fundi wa Marekani Boots Obermeyer. Hoja yake ni kwamba risasi hubanwa kwa upole zaidi na uchafu wa shaba haupati kona ya kujificha. La tatu ni tundu la pande nyingi lisilo na kona kali, kama lile la bunduki ya PSG1 ya Heckler & Koch. La nne ni mifuo ambayo msokoto wake hukazwa taratibu kutoka chemba kuelekea mdomoni. Harry Pope (1861–1950), fundi wa Marekani aliyesifika katika mashindano ya risasi za madini laini, alichonga mifuo 8 kwa mtindo huo.

Kila kundi lina hoja yake, na hoja zote zina msingi. Msokoto unaokazwa taratibu huilinda risasi laini isichanike inapoanza mwendo, na pia huhakikisha kwamba mifuo haiachii risasi inapokaribia mdomo. Lakini risasi yenye gamba la shaba haichaniki kirahisi namna hiyo, kwa hiyo faida ya kwanza hupungua sana. Tundu la pande nyingi huibana risasi yenye gamba vizuri; watengenezaji kadhaa, hata hivyo, huonya dhidi ya kutumia ndani yake risasi tupu ya madini laini. Kwa mara nyingine tena, umbo halisemi kitu mpaka risasi itajwe.

Kuhusu idadi ya mifuo, Vita Kuu ya Pili vilitoa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kuligharimia. Ili kuharakisha uzalishaji, viwanda vya Marekani vilitengeneza bunduki za Springfield M1903A3 zenye mifuo 2 tu badala ya 4, na bunduki nyingi za Lee-Enfield Na. 4 nazo zilipewa mifuo 2. Zilikubaliwa kwa matumizi ya kijeshi kwa sababu usahihi wake haukupungua kwa kiasi cha kuzikataa. Jaribio hilo halithibitishi kwamba mifuo 2 inatosha kwa mashindano ya shabaha. Linathibitisha kwamba athari ya idadi ya mifuo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

5.0 Msokoto na Gharama ya Kuzidisha

Tofauti na idadi ya mifuo, msokoto una athari inayoweza kukokotolewa. Ukipungua, risasi hupinduka hewani. Ukizidi, kasoro ndogo za risasi hukuzwa. Franklin W. Mann, daktari wa Marekani aliyefanya majaribio kwa miaka mingi na kuyachapisha mwaka 1909, alionesha kwamba risasi isiyo na urari, yaani ambayo kitovu cha uzito wake hakipo katikati, huzunguka ndani ya mtutu ikiwa imelazimishwa kufuata mhimili wa tundu, kisha hutupwa kando mara inapoachiwa mdomoni.

Pembe ya kutupwa huko hupatikana kwa kuzidisha 2π kwa umbali wa kitovu cha uzito kutoka katikati, kisha kugawanya kwa urefu wa msokoto. Chukua risasi ambayo kitovu chake kimehama kwa milimita 0.005. Katika msokoto wa inchi 10 (milimita 254), risasi hiyo itakengeuka milimita 37 ifikapo mita 300. Katika msokoto wa inchi 13 (milimita 330), itakengeuka milimita 29. Katika shabaha ya kimataifa ya mita 300, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 100, hivyo nusu kipenyo chake ni milimita 50. Tofauti ya milimita 8 ni karibu sehemu ya sita ya nafasi yote aliyo nayo mlengaji kabla ya kupoteza alama.

Mfano wa uteuzi unaweza kutolewa kwa risasi ya milimita 7.82 yenye uzito wa takribani gramu 10 na urefu wa milimita 31, ya aina inayotumika katika mashindano ya Palma ya yadi 800, 900 na 1,000. Uwiano wa urefu na kipenyo ni 3.96. Kwa namba 150 ya Greenhill, msokoto ni takribani inchi 11.7, kwa namba 180, ambayo hulingana zaidi na kasi ya risasi hiyo, ni inchi 14. Msokoto wa inchi 13, ambao walengaji wengi wa mashindano hayo wameutumia, umo baina ya namba hizo mbili. Kanuni mpya zaidi ya Don Miller, ambayo huingiza pia uzito wa risasi, hutoa kipimo cha uthabiti cha takribani 1.4 kwa msokoto huo. Kipimo cha 1 ndicho mpaka wa kupinduka, na 1.4 hadi 1.5 huhesabiwa kuwa akiba ya kutosha. Mwagizaji anayechagua inchi 10 kwa risasi hiyo, kwa kudhani kwamba mzunguko zaidi ni usahihi zaidi, hulipia akiba asiyoihitaji kwa mtawanyiko asioutaka.

Mwelekeo wa msokoto, kulia au kushoto, hubadilisha upande ambao risasi husogea kidogo katika umbali mrefu, lakini haubadilishi usahihi.

6.0 Njia ya Kuchonga

Mifuo yenye umbo moja inaweza kupatikana kwa njia tofauti, na njia huacha alama yake ndani ya chuma. Njia ya zamani ni kukata mfuo mmoja baada ya mwingine kwa kisu kidogo kinachovutwa ndani ya tundu mara nyingi, kila mara kikiondoa chuma kidogo mno. Njia hiyo ni ya polepole, ila haikibani chuma na humruhusu fundi kuchagua msokoto wowote. Njia ya pili, iliyoendelezwa na Mike Walker wa kampuni ya Remington katika miaka ya 1940, ni kupitisha kwa nguvu kipande kigumu chenye umbo la mifuo kinyume, ambacho hufinya chuma badala ya kukikata. Tundu hutoka laini, lakini chuma hubaki na mikazo inayopaswa kuondolewa kwa joto. Mtutu huo ukikerezwa kwa nje baadaye bila kuondolewa mikazo, tundu huweza kutanuka pale chuma kilipopunguzwa. Njia ya tatu, iliyoendelezwa Ujerumani kwa ajili ya mitutu ya bombomu, ni kuufua mtutu kwa nyundo za mashine juu ya fimbo ngumu yenye umbo la mifuo. Njia hiyo ni ya haraka na hufaa sana kwa tundu la pande nyingi.

Kinachotafutwa katika njia zote ni usawa: kipenyo kisichobadilika kutoka chemba hadi mdomoni, au kinachopungua kidogo sana kuelekea mdomoni, na kamwe kisichopanuka. Kina cha mfuo katika mtutu wa milimita 7.62 ni takribani milimita 0.1. Kosa la milimita 0.005, ambalo jicho haliwezi kuliona, ni asilimia 5 ya kina hicho. Ndiyo sababu mafundi wa mitutu ya shabaha humalizia kazi kwa kusugua tundu kwa kipande cha madini ya risasi kilichopakwa unga wa msasa, wakihisi kwa mkono sehemu zinazobana na zinazolegea.

7.0 Tatizo la Ushahidi

Swali huulizwa: kwa nini ubishi kuhusu umbo la mifuo haujamalizwa kwa majaribio? Jibu limo katika hesabu. Mtawanyiko wa risasi unapokadiriwa kwa milio 5, kosa la kadirio ni takribani asilimia 25. Kwa milio 26 ni asilimia 10, na ili kufikia asilimia 5 huhitajika milio takribani 100 kwa kila mtutu. Ikiwa tofauti halisi baina ya mifuo 4 na mifuo 5 ni asilimia chache tu, basi kundi la milio 5, ambalo ndilo hutolewa kwa kawaida kuwa uthibitisho, haliwezi kuionesha. Aidha, mtutu mmoja wa kila umbo hautoshi, kwa kuwa mitutu miwili ya fundi mmoja, umbo moja na chuma kimoja nayo hutofautiana. Mtafiti angehitaji mitutu kadhaa ya kila umbo na mamia ya milio, huku kila mlio ukizeesha kifaa kinachopimwa.

Kutokana na hali hiyo, ushindi wa mlengaji mmoja hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa umbo la mifuo yake, kama vile mlio wa Malkia huko Wimbledon usivyokuwa ushahidi wa pande sita.

8.0 Mpangilio wa Maamuzi Unaopendekezwa

Uchambuzi uliotangulia unaelekeza kwenye mpangilio wa hatua tano.

Kwanza, masharti ya mashindano na umbali yabainishwe, kwani hayo ndiyo huweka mipaka ya kipenyo na, mara nyingine, uzito wa risasi.

Pili, risasi iteuliwe: urefu wake, uzito wake, na kama ina gamba la shaba au ni madini matupu. Mtutu hutengenezwa kwa ajili ya risasi, na si kinyume chake.

Tatu, msokoto ukokotolewe kwa risasi hiyo, na uchaguliwe ule wa polepole zaidi unaobakiza akiba ya uthabiti. Anayetarajia kutumia risasi ndefu zaidi baadaye aamue hilo sasa, kwa sababu msokoto haurekebishiki.

Nne, fundi na njia ya kuchonga vipimwe kwa usawa wa tundu. Mwagizaji adai vipimo vya kipenyo kwa urefu wote wa mtutu, pamoja na uthibitisho wa kuondolewa kwa mikazo ya chuma pale inapohusika.

Tano, baada ya hayo yote, umbo na idadi ya mifuo viamuliwe kwa kuzingatia baruti, urahisi wa kusafisha na umri unaotarajiwa. Katika hatua hii, umbo ambalo fundi aliyechaguliwa hulichonga kwa usawa zaidi lina thamani kuliko umbo lenye sifa ambalo hulichonga mara chache.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya Enfield, Whitworth na Metford haikuwa safari ya kutoka mfuo mbaya kuelekea mfuo bora. Ilikuwa mfululizo wa mapatano baina ya risasi, baruti, chuma na ufundi, na kila pande moja ilipobadilika, mapatano yalilazimika kuandikwa upya. Pande sita za Whitworth zilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na msokoto na risasi ndefu. Mifuo ya Metford ilibeba lawama ya joto la kordaiti. Anayeagiza mtutu leo yumo katika hatari ya kurudia makosa yote mawili: kusifu umbo kwa yale ambayo halikuyafanya, na kulilaumu kwa yale ambayo halikuyasababisha. Kwa kuwa mtutu huchongwa mara moja tu, mpangilio wa maswali kabla ya kuchonga una uzito kuliko jibu la swali lolote moja kati ya hayo.